Hisa za Makampuni: Maswali Yanayoulizwa Sana na Majibu Yake

Himdi Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), Rabb wa walimwengu, na Rahma na amani zimshukie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake wote.

Ama ba'd. Zamani maswali ya hisa yalikuja kutoka kwa wafanyakazi wa Dar es Salaam na wachache wenye jamaa Nairobi. Siku hizi mtu ananunua hisa akiwa kitako barazani, kwa simu yake, na wanaouliza ni kina mama wa Wete waliopata fedha za karafuu, wastaafu waliolipwa kiinua mgongo, na vijana walioko Ulaya na Ghuba wanaotaka kuwawekea wazee wao kitu cha kuwaingizia chochote kila mwaka. Tumekusanya hapa maswali yanayorudi mara kwa mara. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa ndipo watu wengi wanapoteleza, mengine ni mafupi kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi.

Hisa ni kitu gani, na asili yake ni halaal au haraam?

Hisa ni fungu la umiliki katika kampuni. Watu wanne wa Nungwi wakichanga sawasawa wakanunua dau na nyavu zake, kila mmoja anamiliki robo ya dau, robo ya nyavu na robo ya samaki watakaovuliwa. Dau likizama, kila mmoja amepoteza robo yake. Kampuni ya hisa ni dau hilo hilo, isipokuwa mafungu yake ni mamilioni na wenye mafungu hawajuani. Aliyenunua hisa kumi ana sehemu yake, hata ikiwa ndogo vipi, katika kiwanda, magari, bidhaa ghalani, fedha zilizoko benki, na pia katika madeni ya kampuni.

Kwa hiyo asili ya hisa ni sharika, nayo ni katika miamala iliyojulikana na kukubaliwa na Fuqahaa tangu zamani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio lake namba 63 lililopitishwa Jeddah mwaka 1992, lilithibitisha kuwa kuanzisha kampuni ya hisa yenye malengo na kazi za halaal kunajuzu. Azimio hilo hilo likasema ni haraam kushiriki katika kampuni ambayo lengo lake la msingi ni haraam, kama kushughulika na ribaa au kutengeneza na kuuza vilivyoharamishwa.

Hukmu, basi, haifuati neno "hisa". Inafuata kile kilichomo ndani ya dau. Dau likibeba samaki, washirika wote ni wavuvi. Likibeba pombe, washirika wote ni wabebaji wa pombe, hata yule aliyelala nyumbani kwake akisubiri mgao.

Tahadhari moja kuhusu neno lenyewe. Katika vikoba na vyama vya akiba na mikopo watu husema "nimenunua hisa tano wiki hii". Mara nyingi hizo ni michango inayokopeshwa wanachama kwa nyongeza, kisha nyongeza hugawanywa mwisho wa mwaka. Huo ni mkopo wenye ribaa uliovishwa jina la hisa, na hauna uhusiano na tunayoyazungumza hapa.

Benki yangu inauza hisa zake na gawio ni zuri. Naweza kununua?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo ambalo jibu lake halipendwi.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Mtu akitazama makampuni yaliyoorodheshwa humo ataona kuwa yale yenye wanahisa wengi na yanayozungumzwa kila siku ni mabenki: NMB iliyouza hisa zake kwa umma mwaka 2008, CRDB iliyofuata mwaka 2009, na nyingine ndogo baada yao. Ndiyo hisa ambazo jirani amenunua, na ndizo ambazo karani wa benki atakutajia.

Kazi ya msingi ya benki ya kawaida ni kupokea amana na kukopesha kwa ribaa. Si jambo la pembeni katika hesabu zake, ndilo linaloilisha. Aya ya 275 ya Suuratul-Baqarah imetenganisha biashara na ribaa kwa uwazi usioacha nafasi ya kubishana. Anayenunua hisa ya benki ya namna hii si mteja aliyeweka fedha zake kwa dharura ya usalama. Amekuwa mmoja wa wenye benki, naye ni mkopeshaji kwa ribaa kwa kiasi cha fungu lake. Hata wale Wanavyuoni waliolegeza katika makampuni yenye mchanganyiko, ambayo tutayataja, hawakuliingiza hili katika ruhusa yao.

Hapo huja swali la pili: "Lakini benki hii ina dirisha la Kiislamu." Ni kweli, CRDB kwa mfano ina huduma ya Al Barakah, na mtu kufungua akaunti katika dirisha lenye kusimamiwa na bodi ya Shari'ah ni suala jingine kabisa. Lakini hisa haiuzwi kwa dirisha moja. Hisa ni ya nyumba nzima, na gawio linatoka katika faida ya nyumba nzima, ambayo sehemu yake kubwa ni ribaa. Dirisha moja safi halibadilishi hukmu ya nyumba.

Na hukmu hii inaingia pia katika makampuni ya uwekezaji ambayo mali yao kubwa ni hisa za mabenki. NICOL, kwa mfano, ni mmoja wa wanahisa wa NMB. Jina la kampuni halina neno benki, lakini ukilifungua kapu unaikuta. Ongeza hapo Kampuni ya Bia na Kampuni ya Sigara, nazo zote mbili zimo sokoni, na utaona kuwa Muislamu anayetaka halaal ameshaondolewa sehemu kubwa ya soko kabla hajaanza kuchagua. Tunalisema hili wazi ili mtu asije akadhani amekosea njia anapoona orodha yake ni fupi. Orodha ni fupi kweli.

Yaliyobaki je? Saruji, simu, gesi, huduma za viwanja vya ndege?

Hapa kazi ya asili ni halaal. Kutengeneza saruji, kama wanavyofanya Twiga na Tanga, kuuza gesi za viwandani na hospitalini kama TOL, kuhudumia ndege na mizigo kama Swissport, kutoa huduma ya simu kama Vodacom, hakuna katika asili ya kazi hizi kinachokatazwa. Tatizo ni kwamba takriban kila kampuni kubwa huweka fedha zake benki ikapata ribaa, au hukopa kwa ribaa, au yote mawili.

Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana juu ya kampuni ya aina hii.

Kauli ya kwanza ni ya kukataza. Azimio namba 63 tulilolitaja linasema kuwa asili ni uharamu wa kushiriki katika kampuni ambayo mara nyengine hushughulika na haraam, kama ribaa, hata kama kazi zake za msingi ni halaal. Hoja yao ni nyepesi kufahamika: mwenye dau hawezi kusema nahodha ndiye aliyebeba pombe, kwani nahodha ni wakili wake.

Kauli ya pili ni ya kuruhusu kwa masharti. Ndiyo iliyomo katika kiwango cha Shari'ah namba 21 cha AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya hesabu na ukaguzi kwa mabenki ya Kiislamu, na Mufti Muhammad Taqi Usmani ni katika waliosimama na rai hii. Wao wanasema watu wana haja kubwa ya kuwekeza, na kampuni iliyotakasika kabisa karibu haipatikani. Kwa hiyo ikiwa haraam ni kidogo na si lengo, inaruhusiwa kwa sharti ya kuikataa kwa moyo na kwa kauli, na kuitoa sehemu ya haraam. Masharti ya kiasi ni matatu: mikopo ya ribaa ya kampuni isifikie zaidi ya asilimia 30 ya thamani yake sokoni, amana zake zenye ribaa nazo zisizidi asilimia 30 ya thamani hiyo, na mapato ya haraam yasizidi asilimia 5 ya mapato yote.

Rai yetu katika ukurasa huu ni kuwa mwenye kuweza kujiepusha na mchanganyiko ndiye aliyesalimika zaidi na dini yake. Na anayeichukua kauli ya pili asichukue nusu yake. Wengi hushika neno "inajuzu" wakaliacha neno "kwa masharti", na masharti hayo hayathibiti kwa kuuliza rafiki. Yanathibiti kwa kufungua hesabu za kampuni, kila mwaka, kwa sababu kampuni iliyokuwa ndani ya mipaka mwaka jana inaweza kukopa mwaka huu ikatoka.

Tutoe mfano, na kampuni hii ni ya kukisia tu. Ina hisa milioni 100 na bei ya hisa ni shilingi 2,000, kwa hiyo thamani yake sokoni ni shilingi bilioni 200. Katika mizania unakuta mikopo ya benki ya bilioni 40. Hiyo ni asilimia 20. Unakuta amana za muda maalumu za bilioni 12. Hiyo ni asilimia 6. Katika taarifa ya mapato unakuta jumla ya bilioni 150, na katika maelezo ya nyuma, yale ambayo watu hawayasomi, ribaa iliyopokelewa ni milioni 900. Haifiki hata asilimia 1. Kampuni hii imo ndani ya mipaka ya AAOIFI. Kazi yote hii ni ya nusu saa, na hesabu za makampuni yaliyoorodheshwa hutangazwa kwa umma.

Kwenye makampuni ya simu angalia jambo la ziada. Fuliza ya Safaricom na Songesha ya Vodacom ni mikopo midogo yenye tozo, na kampuni hupata fungu lake katika tozo hizo. Fungu hilo nalo lihesabiwe katika asilimia 5, wala usitazame ribaa ya benki peke yake.

Kutakasa gawio kunafanywaje?

Kwa mujibu wa AAOIFI, unachukua mapato yote ya haraam ya kampuni kwa mwaka, unayagawa kwa idadi ya hisa zote, kisha unazidisha kwa hisa ulizonazo siku ya kufunga hesabu. Katika mfano wetu, milioni 900 kwa hisa milioni 100 ni shilingi 9 kwa kila hisa. Mwenye hisa 500 atatoa shilingi 4,500. Anazitoa hata kama mwaka huo kampuni haikugawa kitu, kwani fedha zile zimo katika mali anayoimiliki.

Fedha hizi hupewa mafakiri au huingizwa katika maslahi ya watu wote. Si sadaka ya kutarajia thawabu za sadaka, wala hazihesabiwi katika Zakaah, wala mtu hazitumii kulipia kodi au faini zake.

Sharti nyengine inayosahaulika ni ya kauli. Mwenye hisa ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka na kusema. Mtu wa Chake Chake mwenye hisa 200 hawezi kuigeuza kampuni, hilo twalijua, lakini anaweza kuandika barua ya kurasa moja kutaka fedha za kampuni ziwekwe katika benki ya Kiislamu, kwani zipo nchini. Amana Bank imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2011.

Nikipata hasara? Na je, kuna hisa zenye faida ya uhakika?

Hakuna, na ndiyo maana hisa ikawa halaal. Kanuni ya Fiqhi inafungamanisha faida na kubeba dhamana: anayestahiki pato ni yule ambaye hasara ingekuwa juu yake.

Watu wa Lamu na Mombasa watakumbuka hisa za Safaricom. Mwaka 2008 ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya, na watu wengi walikopa benki ili wapate nyingi. Haukupita mwaka bei ikawa chini ya shilingi 3, na mikopo ikawa palepale. Baadaye ilipanda hadi kupita shilingi 40 mwaka 2021, kisha mwaka 2023 ikaporomoka chini ya 15. Tanzania nako, Vodacom iliuza robo ya hisa zake mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, na bei sokoni ikakaa chini ya hapo kwa miaka.

Aliyenunua kwa fedha zake za ziada aliweza kusubiri. Aliyenunua kwa mkopo wa ribaa alikusanya haraam na hasara, na Baraza la Fiqhi limekataza waziwazi kununua hisa kwa mkopo wa ribaa kutoka kwa dalali au mwingine kwa kuweka hisa rehani. Limekataza pia kuuza hisa usiyoimiliki kwa kutaraji utainunua baadaye kwa bei ya chini, kwani hilo linaingia katika Hadiyth ya Hakiym bin Hizaam inayokataza mtu kuuza asichokuwa nacho.

Jambo jingine la soko letu: ni dogo. Kuna makampuni ambayo siku kadhaa hupita bila hisa hata moja kuuzwa. Ukitaka kutoka, huenda asipatikane wa kununua kwa bei unayoiona kwenye ubao. Kwa hiyo fedha ulizoziweka kwa ajili ya Hajj ya mwakani, ada za skuli au matibabu, si za hisa.

Na akija mtu akakwambia weka laki tano nitakupa asilimia fulani kila mwezi, huyo hauzi hisa, hata akiwa na risiti, muhuri na picha za ofisi. Ama ni mkopo wa ribaa, ama ni mchezo wa kuwalipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho. Watu wa umri fulani hawajaisahau DECI iliyoanguka mwaka 2009 na fedha za maelfu ya Watanzania, na kila miaka michache mchezo huo hurudi kwa jina jipya, siku hizi kupitia makundi ya WhatsApp na Telegram. Hisa za kweli hununuliwa kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au kupitia programu ya soko lenyewe iitwayo Hisa Kiganjani, na zinasajiliwa kwa jina lako katika akaunti ya hisa ambayo unapewa namba yake. Hakuna namba, hakuna hisa.

Hatifungani na mifuko ya pamoja?

Hatifungani, ya serikali au ya kampuni, ni mkopo wenye nyongeza iliyotajwa. Baraza la Fiqhi liliiharamisha katika azimio namba 60 la mwaka 1990. Vivyo hivyo hisa za upendeleo ambazo mwenyewe anadhaminiwa mtaji au kiwango cha faida kabla ya wengine. Mifuko ya pamoja inafuata kilichomo ndani yake: mfuko wa hatifungani au wa ukwasi mali yake ni hati za serikali na amana za benki, na mfuko wa mchanganyiko una fungu la hayo pia. Jina zuri, kama la watoto au la maisha, halitoshi.

Badala yake ni sukuk, ambazo mwenye hati anamiliki sehemu ya mali au manufaa na hupata ujira au faida yake. Zimeshaanza kutolewa Tanzania, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ilitoa zake mwaka 2025. Kabla ya kununua soma waraka wa matarajio utazame mali yenyewe ni ipi na ni Wanavyuoni gani walioipitisha.

Zakaah ya hisa inatolewaje?

Inategemea niyyah yako uliponunua.

Ikiwa ulinunua ili uuze bei ikipanda, hisa hizo ni bidhaa ya biashara. Mwaka ukitimia unazithamini kwa bei ya soko ya siku ile na kutoa asilimia 2.5. Hisa 500 kwa shilingi 2,000 ni milioni moja; Zakaah yake ni shilingi 25,000, ukiwa jumla ya mali yako imefikia niswaab. Bei uliyonunulia haiangaliwi.

Ikiwa ulinunua ili uzishike na ule gawio, azimio namba 28 la Baraza la Fiqhi la mwaka 1988 linaelekeza hivi: kampuni isipotoa Zakaah, na mwenye hisa akiweza kujua kutoka katika hesabu zake mali inayopasa Zakaah inayokabili hisa zake, aitoe kwa hesabu hiyo. Mali hiyo ni fedha taslimu, bidhaa na malighafi, na madeni yanayotarajiwa kulipwa. Majengo, mitambo na magari hayamo. Tuseme kwa kila hisa ni shilingi 600: hisa 500 ni laki tatu, Zakaah ni 7,500. Asipoweza kujua, basi anatoa asilimia 2.5 ya gawio baada ya kupitiwa na mwaka tangu alipolipokea, likiwa pamoja na fedha zake nyengine. Gawio la makampuni yaliyoorodheshwa hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla ya kulipwa, kwa hiyo Zakaah ni ya kile kilichokufikia mkononi. Kodi haiwi Zakaah.

Nina fedha za mayatima. Naweza kuwanunulia hisa?

Mlezi anaruhusiwa kuifanyia biashara mali ya yatima, na imepokelewa kuwa 'Umar bin Al-Khattwaab (Radhwiya Allaahu 'anhu) aliagiza hivyo ili Zakaah isiile mali yao. Lakini hiyo ni amana. Asiweke yote katika kampuni moja, asinunue katika kampuni yenye shaka ambayo yeye mwenyewe angeichukua kwa rukhsa, na hisa ziandikwe kwa jina la mtoto chini ya usimamizi wa mlezi, wala si kwa jina la mlezi. Tumepokea zaidi ya shitaka moja ambalo ami alinunua kwa jina lake "ili iwe rahisi", kisha ami akafariki, na wanawe wakadai ni mali ya baba yao. Karatasi ilikuwa upande wao.

Aliyefariki akiacha hisa

Hisa ni mirathi kama shamba na nyumba. Kwanza matumizi ya maziko, kisha madeni, kisha wasiya usiozidi thuluthi, kisha Faraaidhw. Mtu aliyeandikwa katika fomu kuwa ni wa kuwasiliana naye, au hata "mrithi", hawi mmiliki kwa kuandikwa. Ni mpokeaji wa amana, na anayezichukua peke yake amekula haki za wenzake.

Hisa zina wepesi ambao nyumba haina: zinagawika bila kuuzwa. Marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na hisa 800. Mke anapata thumuni, hisa 100. Zilizobaki 700 ni mafungu matano: kila mtoto wa kiume 280, wa kike 140. Kila mmoja anafunguliwa akaunti na kuhamishiwa zake. Anayetaka kuuza auze, anayetaka kubaki abaki. Wakiamua kuuza zote, thamani ni ya siku ya kuuza. Unguja na Pemba shughuli huanzia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na Mahkama ya Kadhi, na hati ya usimamizi wa mirathi ndiyo inayopelekwa kwa dalali.

Shida kubwa ni kwamba familia hazijui. Wazee walionunua zamani walipewa vyeti vya karatasi, na vingi vimo ndani ya masanduku pamoja na kanga na hati za mashamba. Gawio limekuwa likitoka miaka yote, halina wa kulichukua. Tafuteni. Na aliye hai aandike katika wasiya wake: kampuni gani, hisa ngapi, namba ya akaunti, dalali nani, na Zakaah ipi bado hajaitoa.

Nimeshanunua, au nimerithi, hisa za benki. Nifanye nini?

Ziuze mapema unavyoweza bila kungojea bei ipande, kwa kuwa kungojea ni kuendelea kumiliki. Mtaji wako ni wako. Aya ya 279 ya Suuratul-Baqarah imempa mwenye kutubu rasilimali yake. Gawio ulilopokea hali hujui hukmu, Wanavyuoni kadhaa wanasema huwajibiki kulirudisha. Utakalopokea baada ya kujua, litoe kama tulivyoeleza katika kutakasa, pamoja na ziada ya bei juu ya mtaji wako kwa njia ya ihtiyaatw. Waliorithi, mtaji wao ni thamani ya hisa siku aliyofariki mwenyewe, na wasigawane hisa zenyewe: waziuze kwanza, kisha wagawane fedha.

Wa Allaahu A'lam.